Makala za Dokta Chadia

Kasongo, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Rehema,

Salaam aleikum. Afya yako? Baridi ya Liège imekuachia kidogo? Sisi tupo. Baba anakohoa, lakini swala ya alfajiri haimpiti.

Jana redio ilisema: "Dokta Chadia Lukumani, binti wa Maniema, amechapisha makala nyingine juu ya peptidi za neva." Baba akaongeza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Mimi natwanga majani ya sombe. Tangu tuhame kutoka Wamaza kuja hapa mjini, wananiita Mama Amani tu, hakuna anayejua kwamba Chadia ni mimi.

Acha nikukumbushe, maana redio haikulisema hilo. Nilishinda mtihani wa taifa, nikapata nafasi ya kusoma Ulaya, kisha nikabeba mimba ya Musafiri. Wewe homa ilikulaza siku ya mtihani. Baba akasema: "Jina iko ya nyumba, haiko ya mutu. Rehema aende na makaratasi ya Chadia." Tulifanana, ukaenda. Nililia huku nakufungia mzigo.

Sasa Musafiri amezamia Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu na mke mwingine. Nataka kusomea uuguzi hapa mjini na wanadai diploma ya mtihani ule wa taifa. Nitumie yangu, tafadhali.

Yaya yako,
Chadia

Liège, 19 Machi 2024

Yaya, dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila usingizi sina. Habari za Musafiri zimeniuma.

Ngoja kidogo. Kuna makala inakaguliwa, na kwa jina hilo naomba kazi ya kudumu. Diploma ikionekana mahali pawili wataanza kuuliza maswali.

Na usidhani nimekaa bure. Seli moja ya neva inatoa peptidi, mfano wa mjumbe, nyingine ina kipokezi, mfano wa mlango, inapokea habari na kuijibu. Miaka yote hii nasoma mlango mmoja wa maumivu. Jina ni lako, Yaya, lakini kichwa kilichofanya kazi ni changu.

Mdogo wako,
Rehema

Kasongo, 2 Novemba 2024

Rehema,

Salaam. U mzima? Umenyamaza tangu Machi. Unajua jinsi seli zinavyoitana na kuitikiana, lakini mimi nikikuita huitiki.

Nilikwenda chuoni mikono mitupu. Katibu akaniuliza jina, nikamtajia. Akacheka: "Chadia Lukumani ile ya ku redio? We mama, hauna haya? Unaiba jina ya mutu?" Waliokuwa kwenye mstari wakacheka naye. Nilitoka nimejifunika uso na kitenge. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamwomba Baba aende akawaeleze. Akakataa: "Utaniharibia mutoto." Kumbe mtoto ana mmoja.

Yaya yako,
Chadia

Liège, 15 Januari 2025

Yaya,

Salaam. Poleni na kikohozi cha Baba. Samahani kwa kimya.

Makala imetoka, kazi nimeipata. Kukurudishia jina sasa ni kufuta kila nilichoandika. Siwezi, na nakuomba usinirudie tena na jambo hili. Kama shida ni jina, chukua langu. Mimi silitumii.

Nimemtumia Baba kanzu.

Mdogo wako

Kasongo, 23 Agosti 2025

Yaya Chadia,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na makala zako hamjambo. Baba hajambo, kanzu imemkaa vizuri.

Nilifanya ulivyosema. Nilijiandikisha kama Rehema Lukumani, pamoja na watu wazima wanaofanya mtihani wa taifa bila kukaa shuleni. Fizikia niliirudia jikoni, moshi machoni. Matokeo yametoka: Rehema amepita. Katibu yuleyule ameniandikisha chuoni, tena akanipa mkono.

Baba alilia kwa furaha. Akawa anasema, "Rehema naye! Nilijua tu." Nilingoja aniite Chadia, hata mara moja, tukiwa wawili. Hakuniita.

Basi kaa na Chadia, sitamdai tena. Lakini Rehema naye ana mwenyewe sasa. Ana diploma, ana kitanda kwa Baba, na chuoni wanamjua. Siku ukichoka huko ukataka kurudi nyumbani, usiseme Rehema ni wewe. Watakuuliza kama huna haya.

Mdogo wako,
Rehema