Kuhusu Yule Mwogeleaji

Mtaa wa Yanaka,
Tokyo.
Februari 9, 1965

Mpendwa Fumiko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko São Paulo, pamoja na mumeo Isamu na watoto. Kifua cha Isamu kimepona? Sisi hatujambo, ila mkazamjomba wako Kinue habanduki kwenye jiko la mafuta kwa baridi. Kahawa mliyotuma imefika. Tunainywa Jumapili tu, isije ikaisha.

Umeniandikia kwamba mwanao Mitsuko alisema darasani kuwa alama ya kuogelea ya Olimpiki ilichorwa na babu yake, yaani mimi, na mwalimu akamwita mwongo mbele ya wenzake. Unaomba nitume cheti cha kumwonyesha mwalimu. Cheti hakipo, mwanangu. Acha nikueleze.

Wageni waliokuwa wakija hapa Tokyo kwa Olimpiki ya mwaka jana hawasomi maandishi yetu. Ikabidi kila mchezo uwe na picha ambayo mtu ataielewa hata akipita mbio. Nilianza na mwogeleaji mzima. Nikamwondolea vidole, pua, masikio, mwishowe kikabaki kichwa, mkono na mawimbi. Kazi hiyo ilimaliza majira yangu yote ya joto.

Tulipokamilisha, wachoraji sote tulitia saini kwamba alama zote tunaziachia dunia, bila majina. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri, na ndiye niliyewashawishi vijana waliositasita. Niliwaambia alama ya njiani haina mwenyewe. Hata sasa naamini hivyo.

Mwezi uliopita gazeti la sanaa lilitoa picha ya Nagase, mmoja wa vijana wale, aliyekuwa mwanafunzi wangu, na yule mwogeleaji ukutani nyuma yake. Likasema ni kazi yake. Siku hizi kazi zinamfuata mpaka anazikataa.

Kwa ajili ya Mitsuko nilimeza aibu nikaenda ofisini kwake, kumwomba aandike mstari mmoja tu kwamba mchoro ule ni wangu. Aliniinamia kwa heshima, akaniagizia chai na keki za maharage. Kisha akasema, “Mwalimu, gazeti ndilo lililoandika, mimi nilinyamaza tu. Na si wewe uliyetufundisha kwamba alama haina mwenyewe? Nikiandika leo, si nitakuwa nimekuasi?” Akanisindikiza hadi kwenye lifti, akabaki ameinama mpaka milango ikajifunga.

Nilipofika nyumbani, Kinue aliniuliza kama nimeshiba heshima.

Ningeweza kwenda kusema hadharani. Lakini ningekuwa nadai kile nilichowakataza wenzangu kudai, nao wamenyamaza mpaka leo. Nagase analijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi hata kidogo alipokuwa akinimiminia chai.

Kwa hiyo mpeleke Mitsuko kwa mwalimu, aombe radhi. Bado ana miaka mingi ya kukaa katika shule ile. Ila usimwambie kwamba alikosea. Mwambie alisema kweli na ameombeshwa radhi kwa kuisema, ajue mapema kwamba mambo hayo yapo.

Nisalimie Isamu, mama mkwe wako Bi Tome na Shigeru mdogo. Wazee wetu waliotangulia wawaangalie huko mbali mliko.

Mjomba wako akupendaye, leo kama zamani,
Sadakichi