Tarishi Amepata Kwake

Jumamosi, Kanyangi

Hapana, sijamuuza Tarishi. Mimi nauza kila kitu, lakini mbwa niliyemtoa kwenye mtego siuzi. Amekula mayai ya jirani, na jirani ameapa kumpiga mshale.

Leo nimempeleka kwa Mama Mutheu, ng'ambo ya mto. Hana kuku hata mmoja.

"Anajua kazi gani huyu?"

"Kula, mwaitu, mama yangu. Hiyo anaijua sana!"

Akacheka, akatemea ugali mate ya baraka, akampa. Mbwa akila mate yako, ni wako. Tarishi akala yote, akalala miguuni pake. Mimi hata hakuniangalia, mjinga yule!

Nimerudi kwangu, nyumba imenyamaza sana.

Basi wewe unayesoma, tupatane: usiseme nimelia, na mimi sitauliza daftari langu umelitoa wapi.