Filamu nyuma ya nakshi

Grace, uko peke yako? Usimsomee mtu.

Kaka Ambrosi alikuwa anatafuta cha kubandika nyuma ya ubao wa nakshi. Kitambaa huoza, karatasi hupauka, kwa hiyo hutumia filamu kuukuu za eksirei, nyeusi na hazipitishi maji.

Leo alikuta moja juu ya kabati. Akaibana nyuma ya ubao, akauinua dirishani. Kwenye matundu ya nakshi zikaonekana mbavu, na doa jeupe kubwa kama korosho.

Pembeni jina la wifi Skolastika. Jina kamili, Grace! Tarehe ya Jumanne iliyopita, Jumanne ile aliyosema yuko Mtama kwa dada yake.

Wifi akaingia. Hakushtuka.

“Hiyo usiikate, Baba Alex. Daktari anaitaka kesho, na amesema twende wawili.”