Punje Kumi na Moja

Mama,

Tulikupoteza mwezi wa tatu, Jumanne, na kikundi chetu cha kahawa kikapoteza macho yaliyokichagulia punje miaka yote. Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira.

Ile mashine imekamilika. Inaipiga punje picha, inasema nzuri au mbovu, kwa kufuata zile mia tatu ulizonitengea kwenye sinia nikazipiga picha. Kumi na moja zinapingana na nyingine zote. Umeweka mbovu kwenye nzuri, Mama. Tisa ni za siku ya mwisho uliyonichagulia. Halafu nikakuta dawa ya macho ndani ya kopo la chumvi. Ulinificha.

Kuna namba moja naipanga mimi: adhabu ya kila kosa. Nikiikaza, mstari unaotenga nzuri na mbovu unajikunjakunja kama njia ya mtu aliyetoka kunywa mbege, mpaka kila punje yako ikae ulikoiweka. Nikiilegeza, mstari unanyooka, unaacha nafasi pana pande zote mbili, na zile kumi na moja zinabaki kuwa makosa. Nikajaribu kwa punje mia za msimu huu, nikazimenya ganda moja moja kuhakiki. Mashine iliyokazwa ilikosea ishirini na tatu. Iliyolegezwa, sita.

Kaka Aloyce, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, hataki kusikia. "Wewe wa kujifunzia kwenye simu, kwenye kibanda cha mtaani Pasua, ndiye wa kumsahihisha mama?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nilijisomesha kwa kutengeneza simu za watu. Yeye anataka mashine ikukariri. Mimi nataka ijue kahawa. Na wewe mwenyewe ulikuwa ukinisukuma kwa kiwiko pale kichanjani tukichagua punje: "Ikikusumbua iache, kahawa ni nyingi kuliko macho."

Jumamosi kikundi kinapiga kura kama mashine itumike nilivyoilegeza. Wakikataa, nabeba mashine yangu naondoka, lakini namba siikazi. Hilo nakuahidi, hata ukinuna huko uliko.

Pumzika, Mama. Migomba yako naipalilia.

Ila zile kumi na moja tuliziuza pamoja na nyingine, zimebaki picha tu, siwezi kuzimenya. Shahidi ni wewe peke yako. Ulikosea, au uliona nisichokiona mimi? Nijibu moja tu, kabla ya Jumamosi saa tatu asubuhi.