Mkia wa Ndege wa Mchikichini

Jumatatu, 9 Juni
Chai, darubini, kibaraza. Mwewe wawili juu ya majaruba ya mpunga, mikia imegawanyika kama kawaida. Mama Tumpe, jirani yangu mjane, akaja, hata salamu ya "ugonile" hakumaliza. Vifaranga vyake vinne vimenyakuliwa wiki hii. Kwenye mchikichi wake mrefu kuna kiota. Akanionyesha mwenye kiota akiruka, mweusi kwa mweupe. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua ndege. Ni huyu?" Nikasema ndiye. Tai mla samaki, ziwa limemchosha, sasa amehamia kwenye kuku. Nilijibu chai haijapoa. Jumamosi ataukata mchikichi. Ndio unaompa mawese ya kuuza. Nikaona shauri yake.

Jumatano, 11 Juni
Ndege kapita chini kabisa, juu ya paa langu. Mkia mweusi, ncha nyeupe. Tai mla samaki mkia wake ni mweupe wote! Miaka yote nimefundisha watoto watazame mkia kwanza. Mimi nikatazama kichwa tu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemfuata hadi mchikichini. Ananyofoa chikichi mbivu, anazimenya taratibu kwa mdomo. Hana habari na kuku. Mchana mwewe kanyakua kifaranga uani kwangu mwenyewe. Jamani! Nikamwambie Mama Tumpe? Naona haya. Kijiji kizima kinaniita bingwa. Kesho.

Ijumaa, 13 Juni
Sikwenda. Mvua.
Uongo. Haikunyesha.

Jumamosi, 14 Juni
Nilisikia shoka nikiwa nanyoa ndevu. Nikakimbia na povu usoni, nawapigia kelele wakataji waache. Mchikichi ulikuwa umeshalala. Mama Tumpe kapiga magoti, anapekua kiota. Unyoya wa kuku hata mmoja hakuna. Maganda ya chikichi na kokwa. Kinda moja, limekufa.
Nikamwambia nilijua tangu juzi.
"Tangu juzi, Mwalimu?"
Heri angenitukana.

Jumatatu, 16 Juni
Chai. Kibaraza. Darubini nimeiacha ndani. Asubuhi nilimpelekea Mama Tumpe miche miwili ya mchikichi. Kaipokea, kashukuru kwa "ndaga" moja, kaenda kuipanda. Hakunikaribisha. Itachukua miaka kuzaa.
Ndege amerudi. Anazunguka pale mti ulipokuwa. Mkia mweusi, ncha nyeupe. Unaonekana bila darubini.