Usivuke Kizingiti

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, na lile goti limeacha kukuonea. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia inakusaidia, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Baba naye kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku, mimi na mjukuu wako Chiriku, tunakula, tunalala, tunaamka. Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele, nikadhani sasa atapunguza kusema. Wapi! Maneno yamepata pa kutokea. Jana amemwambia mteja wangu kwamba gauni halikubana kwa sababu ya mshono, limebana kwa sababu ya maandazi. Nilitaka ardhi inimeze.

Uzima tunao, Mama. Amani ndiyo sina, na leo sitakuficha, maana nikificha na hili nitapasuka.

Usishangae kuona barua imekuja kwa mkono wa muuza maziwa badala ya posta. Ufunguo wa sanduku la posta anao Baba, na barua hii si ya Baba. Isome jikoni ukiwa peke yako. Nakuomba sana, isome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kama unavyojua, tangu nitoke kwa mkweo napanga chumba nyuma ya duka la vitambaa. Ni chumba kimoja, lakini kina dirisha zuri la kushonea. Cherehani nimeiweka hapo, kitanda ukutani, na sare za shule zimejaa kila mahali mpaka Chiriku anapita kwa ubavu. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Tatizo ni mlango.

Siku ya posa ulimsifu mkweo ukasema mwanaume mwenye ufundi mkononi hafi njaa. Ni kweli, hafi njaa. Fundi wa kufuli kama yeye mjini hapa hakuna. Watu wakipoteza funguo hata za kabati la benki humwita yeye. Lakini niambie, Mama, mwanamke aliyemkimbia fundi wa kufuli atafunga mlango wake kwa kitu gani? Nimebadilisha kitasa, nimeongeza kufuli, bure. Natoka kupeleka sare, narudi nakuta mlango umefungwa vilevile nilivyouacha, lakini kiti kimegeuzwa kinatazama kitanda. Siku nyingine nakuta kikombe cha chai mezani, kina joto bado, na mimi chai sijachemsha. Hachukui kitu. Hata sindano haipotei. Nilikwenda polisi, askari akaniuliza nimeibiwa nini. Nikasema sijaibiwa. Akauliza nani kamwona. Nikasema hakuna. Akafunika kalamu yake, akanishauri nikapumzike.

Ninapokuwa ndani natia komeo, maana komeo la ndani halina tundu la ufunguo, na juu yake nimening'iniza kopo la vifungo ili likitikisika nisikie. Juzi paka wa jirani alijikuna mlangoni, kopo likalia, nikaruka nikajikuta nimesimama kitandani na mkasi mkononi. Chiriku akaniuliza kama tunacheza. Nikamwambia ndiyo, tunacheza. Cheka tu, Mama. Na mimi nilicheka, nilipokwisha kuuweka mkasi chini.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuja kukuambia kwamba nafungua shauri la talaka, hukunizuia. Ulinishika mkono pale uani, ukanipa masharti mawili. Ukasema nisivuke kizingiti chake hata aniite kwa machozi, na mahakamani nisitamke jambo nisilokuwa na shahidi wake. Nami nikayabeba masharti yale kama dawa ya mganga, bila kuuliza.

Sikuuliza kwa sababu nilijua yalikotoka. Ulikwenda mahakamani kudai talaka wakati mimi bado nanyonya kidole. Shahidi ulikuwa naye, na alama za kipigo ulikuwa nazo. Halafu mimi nikapata surua nikiwa kwa Baba, ukarudi kuniuguza, ukalala pale mpaka nikapona. Wakili wa Baba akakuuliza mbele za watu kama ulilala chini ya paa lile. Ukasema ndiyo. Akakuuliza kama ulipika, na kama mumeo alikula chakula hicho. Ukasema ndiyo, mtu angekaaje na njaa? Hakimu akasema basi umemsamehe, na kosa lililosamehewa halina kesi. Ukarudi na kifurushi chako mpaka leo. Nimekua nikijua kwamba surua yangu ndiyo iliyokufungia humo, ingawa wewe hujanilaumu hata siku moja.

Mwezi uliopita, Jumapili, Chiriku alikuwa kwa baba yake, maana mahakama imeamua kwa sasa awe anakwenda huko mwisho wa wiki. Mchana simu ikalia. Mkweo akaniambia mtoto ana homa kali, ananiita. Nilitoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilipofika alinifungulia mlango wazi kabisa, akasema kwa sauti yake ile ya upole niingie, mtoto yuko chumbani. Nikamsikia Chiriku akilia Mama, Mama. Nikainua mguu. Kisha nikaona ufunguo umechomekwa kwenye kitasa, upande wa ndani, na mkono wake umeukalia.

Mama, mguu wangu uligoma. Nilimwomba anitolee mtoto. Akajibu kwamba mwenye homa hatolewi kwenye upepo. Nikamwomba tena, nikapiga magoti, akarudia kwa upole uleule, safari hii kwa sauti ya kuwafikia majirani, kwamba mlango si huu hapa uko wazi, nani kanizuia? Majirani wakajaa. Nikazunguka dirishani nikapitisha dawa kati ya nondo, nikapitisha kitambaa cha maji, nikamfuta Chiriku paji la uso kwa mkono mmoja kwa sababu bega halikupita. Nilikaa chini ya dirisha lile nikimwimbia mpaka jioni homa ikashuka. Mwanamke mmoja akapita akasema mama gani huyu, mtoto anaungua na yeye anaringa nje. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaendelea kuimba.

Maneno hayo yote mkweo ameyapeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii, na majirani wameyatilia saini. Sasa anadai Chiriku ahamie kwake moja kwa moja, kwa sababu mama yake hakujali hata kuingia ndani kumuuguza. Shauri litasikilizwa Alhamisi ijayo.

Afisa aliponiita kunihoji, akaniuliza kwa nini sikuingia. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba sikutaka kesi yangu ife. Akanikazia macho. Akauliza ife vipi. Nikamweleza, kizingiti, paa, kusamehe, yote. Akaweka kalamu chini, akaniandikia anwani ya wakili wa ofisi ya msaada wa sheria, akasema niende siku hiyohiyo.

Wakili ni mwanamke mwembamba, miwani yake imevunjika sikio moja, nami nikaifunga kwa uzi mwekundu kabla hatujaanza kuongea, maana nilishindwa kuvumilia kuitazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza mambo ambayo laiti tungeyajua. Akasema enzi za Bibi mwanaume alitamka tu, mwanamke akabeba vyake akaenda, watoto wakabaki kwa baba kama mbuzi wanavyobaki zizini. Enzi zako wewe ikatungwa sheria, wakajipongeza kwamba sasa na mwanamke anaweza kudai talaka. Lakini sheria ile ilitaka mkosaji. Ilikupasa uthibitishe kwa mashahidi kwamba umepigwa, au umetelekezwa, au mume ana mwingine. Na wewe mwenyewe ukionekana na doa, talaka hupati na matunzo hupati. Na ukilala naye nyumba moja baada ya kosa, wanasema umesamehe.

Akasema watu waliteseka na sheria ile miaka mingi, na hata mahakimu wakachoka kukaa kutwa wakisikiliza mume na mke wakipakana matope, mpaka ikabadilishwa. Siku hizi mahakama inauliza kama ndoa bado ipo au imekwisha, basi. Kupika, kufua na kulea kunahesabiwa kuwa ni jasho lako ndani ya nyumba ile. Matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe, si tuzo ya mama mwema. Na mtoto anakaa penye heri yake. Nikamuuliza sheria hiyo imebadilika lini. Akaniambia ni kabla sijaolewa.

Kabla sijaolewa, Mama! Tumenyata miaka yote hii tukimkwepa mbwa aliyekwisha kufa. Ningeweza kuingia, nikalala pale mpaka mtoto apone, na kesi isingepungukiwa na kitu. Badala yake nimempa mkweo silaha kwa mikono yangu. Nililia ofisini kwa watu mpaka nikaona aibu. Sikutupii wewe lawama, usinielewe vibaya. Ulinipa ulichokuwa nacho, na kilikuwa kweli siku ulipokipata wewe.

Nilipotulia, wakili akaniuliza kama kilichonizuia mlangoni ni kesi peke yake.   Nikamwambia juu ya ule ufunguo. Nikamwambia kwamba miaka yote ya ndoa, mkweo alipokasirika hakupiga wala hakutukana. Alitoka, akafunga kwa nje, akaenda kazini. Mara nyingine tulishinda kutwa na Chiriku bila tone la maji. Akirudi anafungua, anauliza kwa upole tumeshindaje. Wakili akashangaa kwa nini jambo hili halimo katika madai yangu. Nikamwambia sina shahidi. Akasema siku hizi mahakama itasikiliza hata neno langu mwenyewe, lakini kwa kuwa nimechelewa kulisema, na majirani wote wameapa mlango ulikuwa wazi, itaonekana nimelitunga jana. Akauliza kama kweli hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuona.

Hapa ndipo penye uzito, Mama. Nimetoka mara mbili kwenda kutazama mlango kabla ya kuandika mstari huu.

Nilimwambia yupo.

Unaikumbuka safari yako ya kuja kumwona Chiriku alipozaliwa. Unaikumbuka siku ile ulipotaka kutoka kwenda dukani, ukashika kitasa, ukakitikisa, ukanitazama. Nilikuambia mlango umekwama. Ukasema ndiyo, milango hukwama. Tukakaa humo kutwa, joto lile, wewe ukimpepea mtoto kwa mfuniko wa sufuria. Aliporudi ulimkaribisha, ukampakulia, ukamshukuru kwa ukarimu wake. Na siku unaondoka, uliponikumbatia, ulininong'oneza kwamba wewe pia ulikuwa ukifungiwa. Hatujawahi kulisema tena.

Basi nimekutaja. Nimekuandikisha shahidi wangu, jina lako kamili, bila kukuomba ruhusa, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha. Nisamehe. Na lililo baya zaidi ni kwamba karani ametuma wito wako kwa posta, kwa anwani pekee iliyomo kwenye majalada yangu, yaani sanduku la Baba. Nilikimbia kuurudisha, nikaambiwa mfuko umeshaondoka. Wakati wowote atakapofungua sanduku lile atakuta mahakama inamwita mke wake aeleze habari za wanawake wanaofungiwa ndani. Namjua Baba. Ndiyo maana nimemwomba muuza maziwa apande gari la kwanza, na Mungu amtangulize.

Ukiona huwezi, Mama, kaa kimya tu. Mwambie Baba hujui kitu, mwambie mwanao amechanganyikiwa. Sitakulaumu, kama wewe usivyonilaumu kwa surua. Lakini ujue kwamba bila wewe, Alhamisi nitasimama peke yangu na mlango uliokuwa wazi, na Chiriku atakwenda kulala kwenye nyumba ile kila usiku. Tayari ameniuliza kwa nini kwa baba madirisha yana nondo ndani na nje.

Ukiweza, ondoka leo, kabla Baba hajakwenda posta. Usifungashe, chukua kitenge chako na dawa ya goti. Na nilimuuliza wakili jambo jingine, bila kukutaja: kama sheria hii mpya inamhusu pia mwanamke aliyeolewa zamani, ambaye kesi yake ilishawahi kufa. Akajibu kwamba inamhusu, na kwamba wamekuja hata wenye mvi kichwa kizima. Sikulazimishi. Nimesema tu ili ujue. Kitanda changu ni kipana, Chiriku atalala katikati, ingawa nakuonya, anaongea hata usingizini.

Msalimie jirani, na mshukuru muuza maziwa kwa niaba yangu. Baba salamu zake safari hii sijui nizitume vipi, nimezishindwa.

Chumba ni cha mwisho nyuma ya duka la vitambaa, mlango wa kijani. Usiogope ukisikia vifungo vinamwagika sakafuni, ni mimi nalitoa kopo. Wewe piga hodi tu. Mkweo hajawahi kupiga hodi, kwa hiyo nikiisikia nitafungua bila kuuliza ni nani.

Ni mimi, kifungua mimba wako,

Mama Chiriku