Ukuta wa Kunti Nimeukwangua

Kijiji cha Bhelgada,
Hazaribagh.
6 Mei, 2012.

Mpendwa mdogo wangu Bisheshwar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, kile kikohozi cha vumbi la pamba kimekuachia? Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto linalonikumbusha miaka yangu hamsini na minane. Maua ya mti wa mahua tumeokota vikapu kumi na tisa.

Nimekukasirikia, sitazunguka. Chumba cha harusi cha binti yako Kunti umeagiza kipakwe rangi ya mafuta, tena ya kijani, na fundi wa mjini! Mimi shangazi yake niko hai, nina mikono yote miwili. Mara kumi na moja nimeitwa Ranchi kuchora kuta za watu nisiowajua. Shule ya kuchora sikwenda, nilichonacho nimekipata kwa kitana kilichovunjika, ninachochorea kwenye udongo mbichi.

Fundi wako alinicheka: "Mama, siku hizi hata ng'ombe hawalali kwenye tope." Nikamwambia, "Ndiyo maana maziwa yao yananuka rangi."

Kosa moja nalikiri. Alipoondoka nilipaka udongo mweusi juu ya rangi yake. Asubuhi wote umebanduka, umelala sakafuni kama maganda. Mkeo akashika kiuno: "Haya, wifi, fundi mkuu wa Ranchi! Wakwe wanakuja kukagua nyumba baada ya siku nne." Malo anajua kuchoma.

Basi tukakwangua. Wanawake sita, majembe sita, kutwa nzima, hadi tukafikia tope alilokandika mama. Kesho yake, udongo mweusi.

Siku ya tatu nilimpandisha Kunti kwenye ule mwamba wenye michoro ya watu wa kale, kama mama alivyotupandisha sisi. Unakumbuka tulivyopigana? Wewe ulisema miviringo ni mitano, mimi saba. Kunti amehesabu mwenyewe. Ni saba, Bisheshwar. Miwili ya chini imefunikwa na kuvu.

Siku ya nne nikapaka udongo mweupe juu ya mweusi, kipande kwa kipande, maana ukikauka kitana hakikati. Kunti akasema, "Shangazi, nipe mimi." Nikampa. Kitana kimebaki na meno manne tu, lakini alivuta mviringo wa kwanza kwa mkupuo mmoja, weusi ukatokea. Alipomaliza wa saba, sikukidai tena kitana changu. Ataondoka nacho.

Wakwe walikuja. Mama wa bwana harusi alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akauliza umechorwa na nani. Malo, yule yule, akajibu kwa sauti: "Na bibi harusi. Kafundishwa na wifi yangu."

Wasalimie Nandu na wenzako wote wa kiwandani. Mungu akufikishe salama kabla ya harusi, tarehe 26. Nyuma ya mlango nimekuachia kiraka cha kijani, ukubwa wa kiganja, usije ukasema rangi yako iliibwa. Ukishakitazama, geuka uhesabu miviringo.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Jhalo